Kikopo cha Khairat

Soko la samaki la Chake Chake lilinuka asubuhi ile hata paka walikuwa wakichagua. Khairat, fundi cherehani wa Wawi, alikuwa ameziba pua kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau, buibui kalipandisha lisiguse maji ya magamba, alipogongana na kijana aliyebeba boksi la barafu. Shati jeupe limenyooka kwa pasi, meno yamejipanga. Moyo ukampiga pa!

"Pole, dada. Nimekuumiza?"

"Hata. Humo mna aiskrimu? Nipe moja, harufu hii imenikaa mdomoni."

Kijana akacheka mpaka akaliweka boksi chini. "Si aiskrimu. Ni choo."

"Choo gani?"

"Cha watu. Kikubwa."

Loh! Nusura atapike pale pale juu ya papa wa watu. Mtu mzuri vile, anatembeza mavi!

Hafiz, ndilo jina lake, wala hakuona haya. Alikuwa kwenye utafiti wa kulinganisha matumbo ya mjini na ya shamba. Mna vijidudu vizuri tumboni, akaeleza, vinavyousaidia hata moyo, na vinapungua mtu akishazoea mji na chipsi zake. Akamkalisha kwenye meza ya utafiti wao nje ya soko, akampima presha, uso ukamkunjamana. "Iko juu, Bi Khairat. Nenda ukapewe vidonge." Khairat akanywea. Mama yake alikufa kwa moyo, mtoto wa mwisho hajaota meno. Akaondoka na kikopo cha kutilia choo, na namba ya Hafiz.

Simu zikaanza.

"Umekula nini, roho yangu?"

"Chipsi mayai."

"Na jana?"

"Chipsi kuku. Kwani wewe mume wangu?"

"Bado. Kikopo changu kiko wapi?"

Hapo ndipo penzi lilipokuwa likimtumbukia nyongo. Najisi yake mwenyewe, aichote kwa kijiko, aitie kwenye mkoba anaowekea mswala, ampelekee mwanamme anayempenda? Hasha! Akampigia binamu yake Nahla, mkulima wa Shumba Viamboni, anayekula muhogo na mchicha wa kuchuma mwenyewe.

"Nahla, nipe choo chako."

"Umerogwa wewe?" Nahla alicheka mpaka akakohoa, lakini akatoa. Khairat alikizungushia kikopo magazeti na kanga mbili, akakipeleka mezani huku amebana pumzi, kisha kanga zote mbili akazitupa jaani.

Majibu yakaja. "Mpenzi, tumbo lako ajabu! Hata husemi mtu wa mjini!" Na yeye, mjinga wa watu, akaamini uongo wake mwenyewe: tumbo zima, moyo mzima. Vidonge alivyopewa hospitali akaviacha. Chipsi akazizidisha, na mayonezi yaliyolala juani yakageuka rangi.

Basi siku moja, yuko dukani anampima bi harusi kiuno, kifua kikambana, jasho la baridi likamtoka, akaanguka juu ya kitambaa cha watu. Alipofumbua macho hospitali, Hafiz alikuwa amesimama hapo, shati limetoka nje ya suruali.

"Imekuwaje, roho yangu? Na tumbo lile?"

"Si langu," akanong'ona. "La Nahla."

Hafiz akarudi nyuma, kama aliyekanyaga kitu njiani. "Khairat, nashika vinyesi vya watu kutwa, sijaona kinyaa. Leo nimekiona. Nilikuwa nalala usingizi nikijua u mzima, kumbe ulikuwa unakufa!" Akatoka. Simu ikawa haipokelewi.

Khairat alilia, akameza vidonge, akajichukia. Kisha asubuhi moja alijifungia chooni na kikopo kipya. Alitapika mara mbili, lakini alimaliza. Akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Hafiz, akinamama wa soko wote macho, akakiweka mbele yake bila gazeti wala kanga.

"Hiki changu. Nuka ukitaka."

"Wallahi?"

"Wallahi! Nani mwingine anaweza kunuka hivi?"

Akinamama wakaangua kicheko. Hafiz hakucheka, lakini alikipokea kwa mikono miwili.

Majibu yalipotoka, akapiga mwenyewe. Khairat alikuwa jikoni, mbele yake sahani ya bamia za kuchemsha alizoamriwa, zinavutika mate hadi mezani.

"Tumbo lako baya," akasema Hafiz. "Baya kweli kweli. Daktari anasema kwa vidonge, mboga na kutembea, litarudi taratibu. Moyo nao utatulia."

"Sasa umeshanijua mpaka uchafu wa tumboni. Bado wanitaka?"

"Nataka nimtume ami yangu Ahmada kwa baba yako. Alhamisi. Wasemaje?"

Khairat aliitazama bamia ikining'inia kwenye kijiko. Machozi yakamtoka, ya kinyaa na ya furaha, yote pamoja. Akaitia mdomoni.

"Khairat? Mbona kimya?"

"Ngoja," akasema, kaziba pua. "Nimeze kwanza."