Saini ya Lamont kwenye Pikapu ya Hutchens

Ndugu zangu wa Killeen, mji wetu huu wa kambi ya jeshi hapa Texas, hasa nyinyi mliovua magwanda juzi na bado mnatembea kama mko kwenye gwaride, sogezeni viti. Habari ya akina Gaskins mmeisikia nusunusu kanisani na saluni, na hiyo nusu yenyewe imeshatiwa chumvi. Mimi Verlene ni jirani yao. Mengi niliyaona, na nisiyoyaona niliyauliza.

Jumapili ile mtaa ulikuwa umetulia. Lamont Gaskins yuko uani anaivisha kwa moshi kidari cha ng'ombe, goti lake bovu la vitani kalinyoosha juu ya ndoo. Mkewe Renita anatoa mkate wa mahindi, watoto wanaokota njugu chini ya mti wa mpekani. Nyumba walikuwa wamepanga tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa, na mlango wake haujui kufungwa: ukipita unaitwa, ukiitwa unakula.

Ndipo akaja bibi Opal Pruitt, mwenye nyumba, na pai mkononi. Alipomaliza kusifu nyama akasema kapoteza nguvu za kutunza nyumba, anahamia kwa bintiye kule Lubbock.

"Lamont mwanangu, nakuuzia wewe kwanza," alisema. "Lakini baridi ikiisha, yale maua ya buluu yakichanua barabarani hujawa tayari, namuuzia tajiri wa Austin. Yeye ameshasema atabomoa."

Lamont alicheka. Akauliza, si kuna mkopo wa nyumba wa sisi tuliotumikia jeshi, usiodai malipo ya mwanzo? Akapiga goti lake akasema malipo ya mwanzo ndiyo haya. Tukacheka wote, mimi zaidi.

Kicheko kiliishia benki. Karani alisema haki ya mwanajeshi ipo, hakuna anayeipinga. Lakini benki hutazama pia mtu amelipaje madeni yake, jambo ambalo hupewa alama, na alama za Lamont zilikuwa sakafuni. Sababu kubwa ilikuwa pikapu. Renita akamgeukia mumewe, maana hawajawahi kuwa na pikapu. Mumewe akatazama dari.

Ndani ya gari akamweleza. Vitani alikuwa na mwenzake, Cody Hutchens, aliyemtoa kwenye gari linalowaka akambeba mgongoni. Waliporudi, Hutchens alipenda pikapu nyekundu kwa wale wauza magari wa nje ya geti la kambi, wenye bendera na maputo, wanaonusa mshahara wa askari kabla haujaingia. Wakasema hafai kukopeshwa peke yake, alete mdhamini. Lamont akatia saini hata hakusoma. Baadaye Hutchens akapoteza kazi, pikapu ikanyakuliwa, ikapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Deni lililobaki likawaangukia wote wawili. Wadai walimpigia Lamont, akazima simu. Hutchens akapotea.

Renita alimwambia ampigie rafiki yake siku hiyohiyo.

"Humdai mtu aliyekubeba mgongoni," Lamont alijibu.

"Alikubeba wewe, Lamont. Wewe umetubeba sisi wote ukaturudisha kwenye moto."

Msiharakishe kumhukumu. Nyumba ngapi hapa mtaani zina saini kama ile? Tumefundishwa kutomwacha mwenzetu nyuma, na wauza magari wanalijua somo hilo kuliko sisi.

Wiki ile akatokea kijana nadhifu uwanjani, kwenye mechi ya watoto, akiahidi kulisafisha jina la Lamont ndani ya siku chache, mradi alipwe kwanza. Renita akamuuliza sabuni hiyo mbona hajaanza kunawia mwenyewe. Hatukumwona tena.

Wakaenda kwa Dolores Quintanilla, sajini mstaafu anayewashauri wanajeshi wa zamani bila malipo. Aliwaambia saini haijui nani alikuwa kwenye usukani. Waelewane na wadai kwa maandishi. Wapunguze deni la kadi ya mkopo. Kila bili ilipwe siku yake, kadi ya zamani isifungwe, na hata jokofu wasilichukue kwa mkopo.

"Na huyo rafiki yako, anajua deni bado lipo?" aliuliza. Lamont akakuna goti.

Hapo ndipo mdomo wangu, ambao watu huulalamikia, ulipofanya kazi. Shangazi yake Hutchens tunaimba naye kwaya. Nilimdokezea Jumatano. Jumapili mtu mrefu alisimama langoni kwa akina Gaskins, kofia mkononi.

"Afande Gaskins," alisema, "nilidhani walipochukua gari wamechukua na deni lake. Nilijificha kwa aibu. Sikukukimbia."

"Na mimi nilinyamaza nikidhani ndio undugu," Lamont akasema.

"Mmemaliza kuombana radhi?" Renita akauliza kutoka mlangoni. "Haya, kaeni tupange malipo."

Majira yote ya baridi Hutchens, aliyekuwa amepata kazi ghalani kule Temple, alileta sehemu yake kila akilipwa. Lamont aliuza mashua yake ya kuvulia ziwani, pesa ikalipa deni la kadi. Televisheni yao ikafa, ikaachwa imekufa. Mechi zote wakazitazamia kwangu, na vitafunio vyangu wakavimaliza. Alama zilipanda polepole, kama unga wa mkate kwenye baridi.

Maua ya buluu yakachanua. Tajiri wa Austin akaja kupima uwanja kwa kamba, na benki ilikuwa haijajibu. Lamont alimfuata bibi Opal, akamwomba amngojee kidogo.

Bibi alichungulia barabarani. "Mimi naona bado yanachanua," alisema. "Hayajanyauka."

Benki ilijibu kabla hayajanyauka. Alama zilivuka mstari kwa unene wa wembe, lakini zilivuka.

Siku ya karamu ya kuipata nyumba, Hutchens alisema ameona pikapu kuukuu, bei nzuri. "Ila wanataka mtu wa..." Renita akaweka kijiko chini.

Lamont alimkatia kipande kinono kuliko vyote. "Hutchens, kula kwangu. Lala kwangu. Kazini nitakupeleka mwenyewe kila asubuhi. Lakini saini yangu haitoki tena nyumba hii."

Hutchens aliitazama nyama. "Nilitaka kusema wanataka mtu wa kulipa taslimu, na mimi bado nachanga. Ila hiyo ya kupelekwa kazini, afande, nimeipokea."

Tulicheka mpaka bibi Opal akadondosha pai.

Funzo letu

Undugu ni sahani, ni kitanda, ni kuamka alfajiri kwa ajili ya mwenzio. Saini ni kitu kingine: ukiitia kwenye deni la mtu, deni ni lako, na gari likichukuliwa deni hubaki. Haki uliyoipata kwa jasho la vita inakufikisha mlangoni tu. Mlango hufunguliwa na bili ndogo zilizolipwa siku yake. Jina likichafuka, halisafishwi na mwenye haraka anayetaka alipwe kwanza. Husafishwa na wewe, taratibu, ukiwa umewaambia ukweli walio nyumbani mwako. Na ukishindwa kuwaambia, njoo uniambie mimi. Watasikia.