Mume wa Alhamisi

Haya alinisimulia Jorinde mwenyewe, jirani yangu tunayetumia naye ngazi moja hapa Gouda, Uholanzi, majira ya baridi ya mwaka juzi. Alikuja kuazima sufuria yangu kubwa, akakaa mpaka giza likaingia. Nawaandikia kama alivyosema, wajukuu zangu, maana aliniruhusu.

"Mtazame yule, anakula na paka mezani!" Wessel alimnong'oneza mkewe.

"Nyamaza, watu wanatugeukia," Jorinde akajibu, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Walikuwa ndani ya ukumbi wa sinema Rotterdam, kwenye tamasha la filamu ambalo wao wawili huliendea kila mwisho wa Januari. Asubuhi walizunguka sokoni, wakala samaki wa chumvi na kitunguu kibichi wamesimama pale pale kibandani. Baada ya filamu hii walipanga kutembea kando ya mto, na jioni waingie nyingine. Wessel ni fundi wa lifti, mtu wa kazi nyingi, na siku hiyo moja Jorinde huisubiri mwaka mzima.

Filamu yenyewe haikuwa na hadithi. Dada mmoja alibeba kamera yake akapita mitaa ya Rotterdam jioni, anarekodi madirisha ya watu. Huku kwetu watu hawafungi pazia. Anayefunga ndiye anayesemwa. Basi waliona mzee anakunja soksi, mama anagombana na televisheni, wanafunzi wanacheza karata, na watu ukumbini wanacheka.

Likaja dirisha jingine. Meza, taa ya manjano, viazi vya kuchemsha. Mwanamke mwenye nywele nyeupe amekaa na mikono mapajani, anasubiri. Kando yake mwanamume ameinamia sahani ya yule mwanamke, anampondea viazi kwa uma, anachimba kishimo katikati, anamimina mchuzi. Halafu akainua uso.

Jorinde aliacha kucheka.

"Wessel. Yule ni wewe."

Wessel aliendelea kutazama mbele.

"Nakuuliza. Yule ni wewe?"

"Ni mimi."

Pale kwenye pazia la sinema yule mwanamke alimpapasa Wessel shavu, polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitu anachokithamini. Mtu wa safu ya nyuma akasema, "Wazee wanapendana hao, jamani."

Jorinde akasimama.

Mlangoni watu walikuwa wanachana kadi zao za kura, kila mmoja anachana pale panapoonyesha filamu imempendeza kiasi gani. Jorinde alitumbukiza yake nzima, akatoka nje bila kufunga koti. Wessel akamfuata mbio.

"Ni nani?"

"Jorinde, tutafute mahali tukae, nikueleze."

"Sikai. Ni nani?"

"Roelien."

Jorinde hakumtambua kwa sababu ya zile nywele nyeupe. Roelien ndiye mke wa kwanza wa Wessel. Na wajukuu zangu, nisiwafiche: Wessel alimwacha Roelien kwa ajili ya Jorinde. Miaka mingi imepita, lakini jambo hilo lilikuwepo ndani ya nyumba yao, kama mahali ambapo wote wawili walijua wasipite.

"Mmerudiana."

"Hapana! Anaumwa. Ana ule ugonjwa wa kusahau, umempata mapema. Anaishi na dada yake, Baukje. Baukje alinipigia simu mwaka jana, analia. Alisema Roelien ananiandalia sahani kila jioni, anakaa dirishani, hataki kula. Ananisubiri nirudi kutoka kazini. Akaniomba niende siku moja tu, nikae mezani, ili ale."

"Siku moja."

"Alikula, Jorinde. Alikula kila kitu."

"Na Alhamisi zako za kazi kule Utrecht?"

"Hakuna Utrecht."

"Lifti za ofisi, hazitengenezeki mpaka watu watoke. Mimi nakuwekea chakula kwenye oveni, Wessel! Unarudi, unakila juu ya kingine?"

"Nakila. Nalala nimevimbiwa."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alisema tu:

"Nipeleke."

"Leo si Alhamisi."

"Nipeleke, au nakwenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Madirisha yote yako wazi, nitaiona ile taa."

Wessel akatoa simu, akampigia Baukje. Sauti ya Baukje ni kubwa, Jorinde alisikia kila neno.

"Leo? Shemeji, hatujapanga leo."

"Najua. Lakini tunakuja."

"Tunakuja nani?"

"Mimi na Jorinde. Ameiona ile filamu. Tumeiona wote."



"Mungu wangu. Yule dada wa kamera aliniuliza kama naruhusu, nikamwambia sawa. Ningejua vipi kwamba watu watakata tiketi kututazama tukila viazi? Na hata viazi vyenyewe nimeshamenya vya watu wawili!"

Wakaenda kwa miguu. Jorinde hakutaka tramu, hakutaka kukaa karibu na mtu. Walipita mitaa waliyokuwa wamepanga kuitembelea kwa raha, madukani, bandari ya zamani yenye boti zilizofungwa kwa baridi, wakapanda lile daraja kubwa jeupe juu ya mto Maas. Upepo wa pale darajani huwa hauna adabu. Watu wa baiskeli walikuwa wameinama kama wanasukuma ukuta.

"Anakuitaje?" Jorinde akauliza.

"Mume wangu."

"Nawe unaitika."

"Naitika."

"Amesahau nini hasa?"

"Amesahau kwamba niliondoka."

"Kwa hiyo kwake hujaondoka. Na mimi je?"



"Wewe hupo."

Jorinde alishika chuma cha daraja. Meli ya mchanga ilikuwa inapita chini, akaitazama yote mpaka ikaisha.

"Kwa nini hukuniambia? Ningekataa? Mimi ni mnyama?"

"Ungekubali. Najua ungekubali. Ungenifungia na keki nimpelekee. Ndiyo maana."

"Sielewi."

"Ningekuwa nakwenda na ruhusa yako na keki yako, halafu nakaa pale ananishika shavu, naitika. Nilishindwa."

"Ukaona afadhali ukae dirishani, taa inawaka, Rotterdam nzima ikuone!"

"Ningefunga pazia ningejiona nafanya kitu kibaya."

Hapo Jorinde alimgeukia.

"Nikwambie kitu, Wessel? Huendi kumlisha tu. Unakwenda kupumzika. Pale wewe ni mtu ambaye hajamkosea mtu. Kwangu huwezi kuwa huyo, maana mimi nilikuwepo."

Wessel aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka; angeweza kusingizia upepo, lakini Jorinde alijua si upepo.

"Labda," alisema. "Sijawahi kujiambia hivyo. Labda ni kweli."

"Basi nina neno moja tu. Akiuliza mimi ni nani, umwambie. Ukisema jirani, ukisema muuguzi, mimi narudi Gouda peke yangu, na wewe ubaki kwake Alhamisi na siku zote nyingine."

"Nitamwambia."

Simu ya Wessel ikalia ujumbe. Alimwonyesha Jorinde bila kuombwa: *Nimeongeza viazi. Saa kumi na mbili kamili, si kabla. Baukje.*

Giza lilikuwa limeshuka walipofika ng'ambo ya kusini. Mtaa wa nyumba za matofali, kila dirisha linawaka. Jorinde aliijua ile nyumba kabla Wessel hajaionyesha. Roelien alikuwa amekaa pale pale, na alipomwona Wessel barabarani akainua mkono, uso umemng'aa.

Jorinde aliniambia, "Bibi, hapo ndipo nilitaka kurudi nyuma. Hakuna mtu aliyewahi kunifurahia hivyo."

Baukje alifungua mlango na taulo la jikoni begani.

"Ingieni, baridi inaingia. Viazi vipo, vitonge vya nyama ni viwili tu, mtajua wenyewe mtakavyogawana."

"Sikuja kula," Jorinde akasema.

"Saa hii? Saa hii watu wako mezani, mama. Vua koti."

Roelien hakuinuka. Alimwekea Wessel shavu abusiwe, Wessel akambusu, Jorinde anatazama.

"Umechelewa, mume wangu. Lifti imekwama tena?"

"Nilitembea kwa miguu."

"Na huyu bibie ni nani?"

Baukje alisimama na bakuli mkononi. Wessel akavuta kiti, akakaa, wakawa uso kwa uso.

"Roelien, huyu ni Jorinde. Ni mke wangu."

Roelien alicheka kidogo. "Mke wako ni mimi."

"Ulikuwa wewe. Niliondoka, Roelien. Nilikuacha, nikamwoa yeye."

"Uliondoka lini?"

"Zamani."

"Nilifanya nini?"

 

"Hukufanya kitu. Hukufanya kitu chochote."

Roelien aliweka uma chini taratibu, akaulaza sawa kando ya sahani, kisha akajifunika uso. Alilia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba mlangoni. Maana kwake ilikuwa habari ya siku hiyo hiyo, jamani. Haikuwa na miaka ya kupoa.

"Umeridhika?" Baukje alimuuliza Jorinde. Hakupaza sauti. "Nakuuliza tu. Shemeji atapanda treni, na wewe utapanda. Mimi ndiye nabaki naye."

 Jorinde alikuwa amelipata neno lake, limesemwa wazi mbele ya watu, na alitamani kulirudisha.

 Mvuke wa viazi ulianza kwisha. Baadaye kilio kikapungua, kikawa kwikwi, na kwikwi nazo zikaacha. Roelien aliondoa mikono usoni, akaangalia vidole vyake.

"Mbona nimelowa?"

Baukje alimfuta kwa lile taulo. Roelien akaitazama meza, akamtazama Wessel, uso ukamfunguka upya. Kisha akamwona Jorinde.

"Na huyu bibie ni nani?"

Wessel aligeuka mweupe kama sahani. Alimtazama mkewe, akavuta pumzi.

"Roelien, huyu ni…"

Jorinde aliona kwamba atasema. Atasema tena, na akiulizwa tena atasema tena, usiku mzima kama yeye anataka, kwa sababu aliahidi.

"Mimi mgeni," Jorinde akamkata. "Nimekuja bila kupanga. Nisamehe."

"Bila kupanga!" Roelien akamgeukia dada yake, amefurahi kupata kituko. "Umesikia, Baukje? Watu wa siku hizi!" Kisha akamnyooshea Jorinde mkono juu ya meza. "Haya, nimekusamehe. Kaa ule."

Jorinde akakaa, akala. Aliniambia hakumbuki ladha ya kitu chochote.

Baada ya chakula Roelien alichoka ghafla kama mtoto. Alisimama, akatazama huku na huku, akauliza nani anampeleka kulala. Wessel akaanza kuinuka, kisha akaketi tena, hajui mahali pake. Jorinde ndiye aliyemshika Roelien mkono. Alimvua viatu, akamvalisha gauni la kulalia, akamfunika mabega.

"Una mume?" Roelien akamuuliza, macho yameshafumba.

"Ninaye."

"Mwema?"

Jorinde alifikiri.

"Kuna siku mwema, kuna siku mwongo."

"Wangu anarudi nyumbani kila siku," Roelien akasema, na usingizi ukamchukua.

Filamu ya jioni iliwapita. Walimwacha Baukje kwenye kochi, miguu juu, anakoroma hata kabla hawajafunga mlango. Ndani ya treni walikaa wakitazamana.

"Sijakusamehe," Jorinde alisema.

"Najua."

"Alhamisi utakwenda. Akikuita mume wangu, itika. Lakini ukirudi unanisimulia, yote, hata yale yatakayoniuma. Na chakula kwenye oveni sikuwekei."

"Wewe utakuja tena?"

"Mara moja moja. Kama mgeni."

Wessel alifunika uso kwa mikono yake, mabega yakamtetemeka, na Jorinde hakumgusa, lakini hakuhama kiti.

Nyumbani, kwenye ngazi yetu, niliwasikia wakipanda bila kuzungumza. Wessel alilala mara tu alipoweka kichwa chini, kwa pumzi ndefu, kama mtu aliyeshushwa mzigo wa siku nyingi. Jorinde alimkasirikia kidogo kwa kumtangulia kulala. Akalivuta blanketi upande wake, lote, halafu akamrudishia nusu. Alisikiliza upepo kwenye mabomba ya nje, akasikiliza pumzi za mumewe, mpaka hakuweza tena kutofautisha kipi ni kipi, naye akalala.