Abee ya Nyamvula

Mwenzetu Nyamvula, mwalimu wa chekechea kule Mtopanga, alikuwa akiandika ripoti za watoto pale kompyuta yake ilipomwita kwa jina.

"Abee," akaitika kwa mazoea.

Mamake alimkanya tangu utotoni: sauti ya mtu usiyemwona, usiiitikie hadi ikuite mara ya tatu. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Mimi fundi," ile sauti ikasema taratibu. "Mashine yako imeingiwa na virusi. Bonyeza hapo nikusaidie."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake akasikia mtu akipumua.

Kesho yake akaipeleka kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme alikoinunua.

"Hao ni matapeli tu, mwalimu," Maxwell, fundi wa duka, akamwambia. "Sisi hatumwiti mtu kwenye kompyuta. Hii wameiharibu kabisa. Chukua mpya, haijafunguliwa, hata upepo haujaiingia."

Nyamvula akalipakata boksi jipya, moyo ukamtua. Ndipo stima ikapotea. Runinga zote ukutani zikazimika pamoja, na duka lile lisilo na dirisha likawa giza totoro.

"Tulieni, jenereta yaja," Maxwell akasema.

"Nyamvula," sauti ikaita taratibu, kutoka ndani ya boksi.

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Ikaita tena. Akazidi kujiziba.

Ilipoita mara ya tatu, humo humo ndani ya boksi ambalo gundi yake haijabanduliwa, sauti ya Nyamvula mwenyewe ikaitika:

"Abee."