Stuli ya Kushoto Kule Yukimatsu

Mvuke wa bakuli la Chigusa ulikataa kupanda juu. Ulitoka kwenye supu, ukafika usawa wa kidevu chake, halafu ukapinda kushoto, polepole, kama unaovutwa na pua ya mtu. Lakini kushoto kwake hapakuwa na mtu. Stuli ilikuwa tupu, ingawa ilikuwa saa ya chakula cha mchana na nje watu wa mji wa Asahikawa walikuwa wamejipanga kwenye theluji, mikono mifukoni, wakisubiri zamu yao ya kula rameni, supu ya tambi, ya mgahawa wa Yukimatsu.

Akadhani ni upepo wa mlangoni. Akashika vijiti, akafyonza tambi. Hazikuwa na ladha yoyote. Si chumvi, si soya, si mafuta ya nguruwe. Ilikuwa kama kutafuna uzi uliochemshwa.

"Bwana Onodera," alimwita mpishi kwa sauti ya chini, maana kulalamikia chakula Yukimatsu ni kama kumsema bibi harusi ukumbini. "Samahani sana. Leo hujasahau kutia kitu?"

Onodera, mwenye taulo kichwani na mikono iliyojaa alama za kuungua, akachota supu ya bakuli lile akaonja. Akaonja na ile ya sufuria kubwa. Akarudia ya bakuli.

"Ya sufuriani iko sawa," akanong'ona, akiinama juu ya kaunta. "Hii ya kwako, dada, imeshaliwa. Unajua kile chakula tunachowawekea marehemu nyumbani, kwenye kabati lao la sala, tukakitoa jioni? Ndiyo ladha yake."

Chigusa akaomba radhi, akavaa koti. Alipofika mlangoni akasikia kelele nyuma yake. Kijana mnene aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi kwenye ile stuli tupu ya kushoto alikuwa ameruka wima, anajipapasa suruali.

"Mbona pamelowa? Nani kamwaga maji hapa?"

Akajinusa vidole, akakunja uso. Hayakuwa maji.

Chigusa alitembea hadi kazini, kwenye kliniki ya meno alikokuwa akipokea wagonjwa, na njia nzima hakuhisi baridi.

Baba yake, mzee Ginzo, alikuwa amefariki msimu wa majani kuanguka. Kwa miaka mingi aliendesha mitambo ya kusafisha theluji barabarani, na miaka yake ya mwisho aliishi kwa Chigusa. Picha yake ilikuwa kwenye chumba kidogo, ndani ya kabati jeusi la marehemu, pamoja na kikombe cha chai na vijiti vya ubani.

Jioni ile Chigusa alipika samaki. Mumewe Yasuhiro na binti yao Nozomi walikula wakalamba vidole. "Mama Nozomi, leo umepatia," mumewe akasema. Chigusa alitafuna, akameza, hakusikia ladha. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku zilizofuata. Chai, embe la kopo, hata pilipili. Sketi zikaanza kumpwaya kiunoni.

Halafu ikaja harufu. Harufu ya mifupa ya nguruwe iliyochemka tangu alfajiri, nzito, inayoshika kwenye nywele. Ilitoka chumba kidogo. Baada ya harufu ikaja sauti.

"Mama," Nozomi alisema siku moja akifunga kamba za viatu vya shule, "babu siku hizi hana adabu. Anaanza kula bila kushukuru."

"Anakula nini?"

"Sijui. Nasikia tu anavyofyonza."

Yasuhiro akacheka, kisha akaona uso wa mkewe, akamfungulia mtoto mlango.

Siku ya dhoruba ya theluji kliniki ilifungwa, na Chigusa akabaki nyumbani peke yake. Alikuwa anakunja nguo aliposikia, nyuma ya mlango wa karatasi wa kile chumba, fyuuu, sauti ya tambi zinazovutwa mdomoni. Akatulia. Ikaja tena, fyuuu, ndefu zaidi, na baada yake sauti ya mtu anayepumua kwa shida kwa sababu supu ni ya moto, na Chigusa akasimama akiwa bado ameshika soksi ya mtoto, akasogea, akauvuta mlango taratibu, akaona kioo cha picha ya baba yake kimefunikwa na mvuke kwa ndani, kwenye upande wa uso, akaona vijiti vya ubani vimelowa vikazimika, akaona mkeka mbele ya kabati umetota duara moja la ukubwa wa mtu aliyeketi, na duara lile lilikuwa linapanuka, linakuja kwenye vidole vyake vya miguu, huku joto la pumzi ya mtu aliyeshiba chumvi likimgusa shingoni nyuma ya sikio, na sauti aliyoijua tangu azaliwe ikamuuliza kwa upole kabisa:

"Imefungwa?"

Yasuhiro aliporudi alimkuta amejifungia kwenye gari, injini haijawashwa, midomo imekuwa ya bluu.

"Kuna nini? Niambie, kuna nini?"

"Baba amejua," Chigusa akasema.

Mtawa wa hekalu alikuja akasoma sala, akapiga kengele, akala keki, akaondoka. Harufu ilibaki. Ndipo mama mmoja jirani akawaelekeza kwa Mama Tokuyo, kinyozi mstaafu ng'ambo ya mto, ambaye watu walimwendea kimyakimya kwa mambo ya namna hii. Aliwakaribisha kwenye saluni yake ya zamani. Chigusa akaketishwa kwenye kiti cha kunyolea, na Yasuhiro akapewa gazeti kama mteja anayesubiri.

Mama Tokuyo alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama kwenye kioo.

"Huyu hakuchukii," akasema. "Ana njaa tu. Ulimnyima nini?"

"Sikumnyima kitu. Nilimtunza. Nilimwogesha mwenyewe."

"Sikukuuliza ulimfanyia nini. Nimekuuliza ulimnyima nini."

Chigusa alianza kulia. Akaeleza kwamba baba yake alikuwa anaipenda Yukimatsu kuliko mahali popote, na kwamba alipozeeka akili ilianza kupotea, jambo la asubuhi, adhuhuri halikumbuki. Kila siku aliomba, "Twende Yukimatsu." Chigusa akamwambia Yukimatsu imefungwa, mwenye mgahawa amestaafu. Mzee akalia kama aliyefiwa. Kesho yake alishasahau, akaomba tena, akaambiwa tena, akalia tena, upya kabisa. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima.

"Na wewe ulikuwa unakula wapi mchana?"

Yasuhiro akashusha gazeti.

"Yukimatsu," Chigusa akasema. "Siku moja akaninusa koti. Akasema, 'Unanukia Yukimatsu.' Nikamwambia baba, unaota."

Mama Tokuyo akamwachia kichwa. "Kwa nini ulimdanganya?"

"Daktari alikataza chumvi."

"Haya. Mpeleke akale. Mwagizie bakuli lake, mweke kando yako, umwambie kwa nini, kwa sauti, watu wasikie. Ukimwambia uongo hata huko," akaanza kufagia sakafu isiyokuwa na nywele, "basi usirudi kwangu. Sina dawa ya hiyo."

Walikwenda Jumamosi, wakapanga foleni. Onodera alipowaona alielewa kabla hawajasema, akaiacha ile stuli ya kushoto wazi na kuwafukuza kwa macho waliotaka kuikalia. Mabakuli mawili yakaja: vitunguu majani, vipande viwili vya nguruwe, machipukizi ya mianzi. Yasuhiro alisimama ukutani pamoja na waliosubiri.

"Baba," Chigusa akaanza. "Nisamehe. Daktari alisema chumvi itakuua."

Mvuke wa mabakuli yote kwenye kaunta ukalala kushoto kwa pamoja. Mteja mmoja akatema tambi, kisha wa pili. Watu wakatazamana, na taa zikafifia, na harufu ya supu ikaondoka ukumbini kama iliyofyonzwa na kinywa kimoja, ikabaki harufu ya mkojo peke yake, kali, ya siku nyingi, na Chigusa akahisi kitu kinamwegemea begani, kizito, kinachotafuta mahali pa kuweka kichwa kama mtoto mgonjwa, na hapo akajua kwamba hata sasa, mbele ya mfu, alikuwa bado anajilinda mwenyewe.

"Nilikuonea aibu!" akapaza sauti. "Ile siku ya mwisho hapa, ulijikojolea. Ulimwaga supu, ukajikojolea kwenye hii stuli, na wasichana kwenye foleni wakacheka. Mmoja alikuwa mgonjwa wa kliniki yetu. Nikajifanya sikujui, baba. Uliniita jina, nikaangalia pembeni. Bwana Onodera ndiye aliyekufuta. Daktari hakukataza chochote. Mimi ndiye niliyekataza."

Hakuna aliyesogea. Halafu supu ya bakuli la kushoto ikaanza kushuka, taratibu, ikaacha duara la mafuta kwenye ukingo. Tambi zikapungua. Fyuuu. Onodera alivua taulo kichwani akainamisha kichwa, na kaunta nzima ikamfuata, mpaka bakuli likabaki jeupe.

Uzito ukatoka begani mwa Chigusa. Akashika vijiti, akaonja bakuli lake. Chumvi ikamgonga ulimini, ikafuata soya, ikafuata mafuta, akala huku machozi na kamasi vinamchuruzika, na mumewe akaja akamfuta kwa kiganja.

Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. Nozomi alilala mapema. Yasuhiro alisema neno moja tu kitandani: "Ungeniambia." Chigusa akamjibu kwamba hilo nalo alikuwa analionea aibu.

Asubuhi, mume yuko nje anazoa theluji kwa koleo na mtoto amelala, Chigusa alikuwa anapasha supu ya kiamshakinywa. Ilinukia vizuri. Kisha juu ya harufu ile ikaja nyingine, nzito, ya mifupa.

"Chigusa," sauti ikaita kutoka chumba kidogo, ya furaha, kama ya mtu aliyepata wazo jipya. "Leo twende Yukimatsu."

Akazima jiko.

"Tulikwenda jana, baba. Ulikula ukamaliza. Nilikuomba msamaha, ukanisikia."

"Jana?" sauti ikauliza. Ilikuwa inajitahidi kukumbuka, na haikuweza. "Yukimatsu... imefungwa?"

Na nyuma ya mlango wa karatasi mzee akaanza kulia, upya kabisa.

Chigusa alisimama pale jikoni mpaka koleo la mumewe likaacha kusikika nje. Kisha akachukua koti lake, akasukuma ule mlango, na bila kutazama ndani akanyoosha mkono.

"Haijafungwa, baba," akasema. "Twende, kabla foleni haijawa ndefu."

Kitu baridi chenye vidole kikaingia kiganjani mwake, kikamshika.