Majani ya Mche Mmoja

Kila asubuhi kabla ya shule, Konokono alimwagilia nyanya za shangazi yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa sababu mgeni akibisha hodi tu, yeye anajificha chumbani. Msimu huo kumwagilia hakukuwa na raha. Majani yalijikunja kama ngumi, kingo zake njano, na ukigusa mche, nzi weupe wadogo wanatimka kama unga.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana bibi shamba alikuja shuleni akawagawia wanafunzi vifuko vya karatasi. "Kila mmoja apite kwenye bustani za mtaa wake," alisema. "Bustani moja, jani moja, kifuko kimoja. Maabara itatuambia ni kirusi gani kinatusumbua, halafu nitawaletea miche inayokihimili."

Jioni Konokono alifika mlangoni kwa fundi baiskeli. Akainua mkono agonge. Ndani watu walikuwa wanacheka, na fundi mwenyewe mdomo wake haujui likizo. "Akiniuliza nataka nini, nitasemaje?" Mkono ukashuka wenyewe. Milango mingine hata hakuikaribia. Alirudi nyumbani, akachuma majani yote kwenye mche mmoja wa shangazi, akaandika jina la jirani juu ya kila kifuko. Majani ni majani tu, alijiambia. Si yote yamejikunja?

Wiki kadhaa baadaye bibi shamba alirudi. Majirani walikusanyika uani kwa shangazi, wengine wamekalia ndoo.

"Mtaa wenu umenishangaza," alisema. "Kirusi kikijizidisha, hubadilika kidogo kidogo. Aina mbili zikikutana ndani ya mche mmoja, zinaweza hata kubadilishana vipande, ikatokea aina mpya. Mitaa mingine, kila bustani ina chake. Ninyi chenu ni kimoja tu, kama picha ya mtu mmoja iliyotolewa nakala. Basi kazi ni rahisi. Ng'oeni miche yote, nitawaletea aina moja ya miche mpande."

"Hiyo ndiyo habari!" fundi baiskeli akadakia. "Mimi nang'oa leo leo. Na huyu binti yetu apigiwe makofi. Konokono, kumbe una mbio! Ulipita kwangu saa ngapi hata sikukuona?"

Watu wakapiga makofi. Konokono alihisi masikio yanawaka. Akatazama vidole vya miguu yake. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini fundi alishasimama, anakunja mikono ya shati.

"Using'oe, baba." Sauti ilitoka ndogo mno.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Sikupita kwako. Sikupita kwa mtu yeyote. Niliona haya kubisha hodi. Majani yote ni ya mche ule pale."

Makofi yakakatika. Shangazi akajifunika uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo virusi vya majirani hatuvijui," bibi shamba alisema polepole. "Wangepanda wote aina moja ya miche, huenda ingeugua upya, msimu wote ukapotea."

Konokono alitamani ardhi impokee hapo hapo. Fundi akamwangalia, akajikuna kichwa.

"Mimi najidai nachekesha watu, kumbe natisha watoto! Haya, nakwenda kwangu nafunga mlango. Njoo ubishe."

Akaenda kweli, akafunga. Konokono akamfuata, mtaa mzima unatazama.

"Hodi."

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Naomba jani moja la nyanya."

"Jani tu? Nilidhani umekuja kunidai! Karibu, mama."

Milango iliyobaki aliipitia siku hiyo hiyo. Majibu mapya yalipokuja, kirusi cha fundi kilikuwa aina nyingine kabisa, na bustani moja ilikuwa na aina mbili zimechanganyika. Bibi shamba akaleta miche ya kumfaa kila mmoja. Ikasimama, majani yake yamefunguka.

Asubuhi moja wakimwagilia, shangazi alisema, "Haya ya kubisha hodi huisha mlango ukifunguliwa. Ya uongo unalala nayo. Siku nyingine ukishindwa, sema umeshindwa, nitakushika mkono twende wote. Usinijazie vifuko tu vionekane vimejaa."

"Ndiyo, shangazi."

Mtu akabisha hodi mlangoni. Konokono akatupia jicho chumbani kwake. Kisha akatua ndoo, akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kufungua.