Mgeni wa Shavuni

Wanaume wa mji wa Sanaa, Yemeni, huvimba shavu kila alasiri na hakuna anayewaonea huruma, maana ni mirungi tu. Kwa hiyo Mutahhar alipotema yake, akasukutua, na shavu la kushoto likabaki limetuna vilevile, mkewe Taqiya alimtania kuwa ni mchoyo hata wa makapi.

Utani uliisha upesi. Maumivu yalipanda hadi sikioni, jicho likafumbika nusu, homa ikamwangusha kitandani. Karafuu na maji ya chumvi havikufua dafu. Kisha adhuhuri moja, mume akiwa usingizini, Taqiya alisikia mtu akitafuna taratibu. Sauti ilitoka kwenye uvimbe, na taya za Mutahhar hazikusogea.

"Baba Lutf," alimnong'oneza mumewe, "unatafuna nini?"

Sauti ikanyamaza kama mtu aliyefumaniwa, halafu ikaendelea.

Mutahhar alipoamka, Taqiya alimbana, naye akasema yote. Rafiki yao Naji alikuwa amefariki, na mto aliozoea kuegemea kwenye sebule ya juu, wanaume walikokutana kutafuna, ulikuwa mtupu. Mutahhar, kwa mzaha wake usio na breki, aliutupia mto ule konzi ya majani na kusema, "Karibu, usione haya." Walipoinuka majani hayakuwepo. Wakacheka, kila mmoja akimsingizia mwenzake.

Taqiya aliogopa kuwa mjane. Alimwita Sheikh Dirhim, mganga wao, ambaye alimsomea dua, akanusa kinywa cha mgonjwa, akakunja uso.

"Jino limeoza, mwanangu. Mpeleke kwa daktari leo hii, usaha ukiingia kwenye damu utamzika. Ila huyo mwingine simuwezi. Si Naji, Naji amelala kaburini kwake. Ni mmoja aliyekuwa akingoja kuitwa. Mumeo kamkaribisha mwenyewe, na mgeni hainuliwi kabla hajamaliza kutafuna."

Daktari wa meno aling'oa jino, akakamua usaha, akatoa dawa za kumeza na kuonya asiache hata moja. Homa ikashuka, uvimbe ukanywea. Taqiya alilia kwa furaha alipoliona tena lile shavu aliloolewa nalo.

Alasiri moja alimpelekea kahawa ya maganda ya buni sebuleni, na kabla hajaweka sinia aliisikia ile sauti, safi na karibu kuliko mwanzo, ikisaga bila haraka ndani ya uso ule mwembamba ambao haukuwa na uvimbe wala jani wala chochote cha kutafunwa.

"Si umeacha mirungi?"

"Nimeacha."

"Basi anatafuna nini?"

Mutahhar akapanua kinywa aone. Ulimi ulitulia, meno hayakugusana, pengo lilikuwa safi na jekundu. Sauti haikukatika.

Akafumba kinywa, machozi yakamtoka.

"Majani yalimwishia siku nyingi, mke wangu. Sasa yuko kwenye mfupa."