Nati Iliyokataa Kulegea

Purity alikuwa na mazoea ya kuteremka shambani kabla hata ya kunywa chai. Alipita kati ya mistari ya nyanya, akiinua majani na kutafuta wadudu. Shamba lao lilikuwa bondeni, chini ya Gachoka, karibu na mto. Mvua ya huko ni ya kubahatisha. Kwa hivyo yeye na mumewe, Ireri, walimwagilia kwa pampu ya dizeli. Pampu ikinguruma, nyanya zilikunywa. Ikinyamaza, jua lilikula kila kitu.

Asubuhi hiyo maua ya nyanya yalikuwa yameanza kuanguka. Purity aliokota machache, akayashika kiganjani. Yalikuwa makavu kama karatasi.

Pampu ilikuwa imenyamaza.

Ilianza kwa kutoa moshi mweupe, kisha ikakosa nguvu ya kuvuta maji. Ireri alikwenda Embu mjini akanunua ringi mpya za pistoni. Alinunua pia gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Kifuniko hicho mafundi hukiita hedi.

"Nitaifungua mwenyewe," alisema. "Hedi imeshikwa na nati nne tu. Leo jioni tutakuwa na maji."

Lakini injini hiyo ilikuwa imekaa karibu na mto kwa miaka mingi. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, nyekundu kama udongo wa barabarani.

Nati ya kwanza ilitoka kwa kelele. Ireri akatabasamu. Ya pili ilikataa. Alitumia spana ya kurekebisha, ile inayopanuliwa na kufungwa. Alipovuta kwa nguvu, spana iliteleza, na mkono wake ukagonga chuma.

"Uui!" Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka, na damu ilitoka.

Purity alikimbia kuleta maji na kitambaa. Alipokuwa akimfunga, aliitazama ile nati. Pembe zake zilikuwa zimelika. Sasa ilikuwa mviringo, haina mahali pa kushika.

"Baba Muchangi," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "si tumwite mtu?"

"Wacha. Hii ni nguvu tu inataka."

Akahamia nati ya tatu. Alichomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akalilalia kwa kifua. Purity alikuwa ameishika injini isitingishike. Hapo ndipo alipoona jambo lililomshtua. Nati haikuwa ikizunguka juu ya bolti. Bolti yenyewe ilikuwa ikijipinda pamoja na nati.

"Simama! Inakatika!"

Ireri aliachilia. Bolti ikikatikia ndani ya injini, pampu ingelala wiki nyingi kwa fundi. Nyanya zisingengoja hata nusu ya muda huo.

"Naenda kumwita mwalimu Shukri," Purity alisema. Hakungoja jibu.

Mwalimu Shukri alikuwa jirani yao. Alifundisha ufundi wa injini katika chuo kimoja cha ufundi. Purity alimkuta uani akianika nguo, akamweleza huku akihema. Mwalimu aliingia ndani na kutoka amevaa ovaroli, na sanduku la vifaa mkononi. Aliuchomeka mtandio wake ndani ya kola.

"Twende, mama Muchangi."

Walipokaribia banda la pampu, mwalimu alisimama ghafla, akanusa.

"Hiyo ni petroli?"

Walikimbia. Ireri alikuwa amemwagia nati petroli ili kuosha kutu. Kando yake alikuwa ameweka mtungi mdogo wa gesi wa jikoni. Alitaka kuzipasha nati moto zilegee. Kiberiti kilikuwa mkononi.

"Baba Muchangi!" mwalimu alipaza sauti. "Usiwashe! Weka chini!"

Ireri alishtuka, kiberiti kikaanguka.

"Sogea nyuma. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini umejaa hapa. Ungewasha, ungewaka pamoja na banda."

Ireri aliitazama suruali yake. Ilikuwa imelowa petroli gotini. Akaketi juu ya jiwe. Purity alibeba gesi na kiberiti hadi mbali, kisha akarudi na kumshika mumewe bega. Hakumgombeza.

Ireri alipobadilisha suruali, na upepo kumaliza harufu, mwalimu aliichunguza injini.

"Moto hulegeza nati, ni kweli," alisema. "Lakini huo ni wa fundi mwenye vifaa, mahali pasipo na mafuta. Sisi tutaanza na uvumilivu."

"Mwalimu, nyanya zinakufa," Ireri alisema.

"Najua. Na ukikata bolti, zitakufa zote."

Alimpa Purity brashi ya waya. "Toa kutu yote mpaka uone nyuzi za bolti." Purity alisugua. Kisha mwalimu alidondoshea mafuta mepesi ya kulegeza kutu pale nati inapokutana na bolti. Akaigonga kila nati kidogo kidogo kwa nyundo, pande zote.

"Ninagonga ili kutu ipasuke, mafuta yaingie. Tutarudia jioni. Kesho asubuhi ndiyo tutafungua."

"Kesho!" Ireri alisema.

"Kesho."

Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kazi. Mchana wote Purity na Ireri waliteka maji mtoni kwa mitungi, wakimwagilia shina moja moja. Mkono wa Ireri ulivimba. Mistari ya mwisho hawakuifikia, na majani yake yalijikunja. Mara mbili Purity alimwona mumewe akilitazama lile bomba refu. Mara mbili Ireri aligeuka, akachukua mtungi wa maji.

Asubuhi mwalimu alikuja na soketi yenye pembe sita, spana ya mfano wa kikombe inayofunika nati yote. Aliijaribu juu ya nati ya tatu. Iliingia na kukaza, haikucheza.

"Kifaa kiwe saizi kamili," alisema. "Spana ikicheza, inakula pembe. Mama Muchangi, shika wewe. Mkono wa mzee umevimba."

"Mimi?"

"Wewe. Kwanza kaza kidogo, upande wa kulia."

"Kukaza? Si tunataka kufungua?"

"Kaza kidogo tu, kutu ivunjike. Kisha rudi kushoto. Ikikataa, usipigane nayo. Ongeza mafuta, urudi tena."

Purity alikaza. Hakuna kitu. Akarudi kushoto. Hakuna kitu. Jasho lilimwingia machoni. Akakaza tena, na mara hii alisikia mlio mdogo, *tak*. Alidhani bolti imekatika. Alifunga macho.

"Endelea polepole," mwalimu alisema.

Akavuta. Nati ilizunguka.

"Imekubali!" Ireri alipiga kelele. Nati ya nne nayo ilitoka kwa njia hiyohiyo. Ikabaki ile iliyolika pembe.

"Nati hii tutaipoteza ili tuokoe bolti," mwalimu alisema. Wote walivaa miwani ya kukinga macho. Ireri alishika msumeno wa chuma kwa mkono wake mzima, akakata ubavu wa nati taratibu. Alipokaribia nyuzi za bolti, mwalimu alimzuia. Kisha Purity aliweka tindo kwenye ule mkato. Kosa dogo lingeharibu nyuzi. Aligonga mara moja. Akagonga tena. Nati ikapasuka, ikaanguka chini.

Hedi ilitoka. Mwalimu alizikagua bolti, na kuonyesha ile iliyojipinda. "Hii imechoka. Msiirudishe, itakatika kazini." Ireri alikwenda Embu siku hiyo hiyo, akarudi na bolti mpya na nati mpya.

Waliweka ringi na gasketi. Ireri alipaka nyuzi mafuta kidogo. Alikaza nati ya kona moja kiasi, akaenda ya kona iliyo mkabala, kisha zile nyingine, akazunguka tena na tena mpaka hedi ikakaa sawa. Mwalimu alipima mkazo kwa spana yake maalumu. Ireri hakulitafuta bomba.

Alizungusha mpini wa kuwashia injini. Injini ilikohoa, ikazima. Purity alishika kifua. Akazungusha tena. Ikakohoa, ikatema moshi, halafu ikanguruma.

Purity alikimbia hadi mistari ya mwisho. Alisimama kwenye mfereji mkavu, akangoja. Maji yalikuja polepole, yakisukuma vumbi na majani makavu mbele yake, yakamfikia vidole vya miguu. Aliinama, akaufungua udongo kwa mikono, maji yakaingia kwenye shina la kwanza.

"Yamefika?" Ireri aliita kutoka mtoni.

"Yamefika!" alijibu. "Usizime!"